Mgeni wa Lango la Saba

Aberdeen, Disemba. Saa tisa na nusu alasiri
jua limeshafunga duka.
Mji wa mawe ya kijivu unawasha taa,
nami naingia zamu, ghala la damu, Foresterhill:
friji kumi na moja, nyuzijoto nne,
mifuko imelala chali kama samaki mnadani.
Mama angejua angesema, mwanangu kawa mumiani.
Utotoni, Pangani, tulikimbia kila gari jekundu.

Kwenye droo, chini ya glavu, naficha vitabu vya pauni moja,
mapenzi ya usiku: wanaume weupe kama chaki,
majoho, majeneza ya hariri, vifua wazi kwenye baridi
na hakuna hata mmoja anayekohoa.
Nimevisoma vyote. Vimekosea vyote.

Wa kwangu alivaa koti la mtumba la wavuvi.
Siku tatu alisimama nje ya mlango wa kioo;
unafunguka wenyewe, unajifunga, unafunguka,
naye haingii. Kwake mlango usiosema si mlango.
"Ingia basi," nikamwambia, "unatutia baridi."

Hakuzaliwa kwenye kasri la milimani.
Ni wa udongo mkongwe, kati ya mito miwili,
tarishi aliyetumwa kwa malkia wa chini
kabla farasi hajajua lijamu.
Huko wafu hula vumbi, huvaa manyoya kama bundi
(popo ni uongo wa baadaye).
Nilimpa mfuko uliopita tarehe, wa kutupwa.
Akaunywa kama anayemeza dawa, akafuta mdomo,
akanisimulia kwa lafudhi ya mvuvi wa Peterhead.
Nami nakupa kwa mizani ya kwetu:

Lango la kwanza kilemba, la pili nitoe pete,
La tatu nilojipamba, la nne ushanga wote,
Tano kivuli chembamba, sita sura waifute,
Saba jina likayumba, wakalitupa, nipite.

Kumbe ndiyo maana kioo hakimjui.
Kumbe damu si chakula. Ni maji ya ulimi
uliokauka kwa vumbi la miaka elfu nne,
na kila damu humpa, usiku mmoja tu,
maneno ya mwenyewe.
Jumatatu alikuwa fundi bomba wa Dundee, akilalamikia kodi.
Jumanne mwanafunzi wa Lublin, akimlilia mbwa.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Nilimpa koleo, akaondoa theluji
hadi kituo cha basi, bila kivuli,
bila mvuke mdomoni.
Nikamtazama mgongo. Sikusoma kitabu usiku ule.

Sindano ilikuwa ndogo, ya kidole, ya kupima sukari.
Tone moja. Hakuling'ang'ania; alilipokea
kama mtu anavyopokea ufunguo.
Akanyamaza. Kisha ikatoka
sauti ya bibi yangu Mwanakheri,
ile yenye kashata na kikohozi ndani yake:
"Karibu, mwanangu. Kaa kitako."

Miaka kumi na tisa
mji huu umenifungulia milango ya umeme tu.

Nilikaa. Sakafuni, kitako, miguu nimeinyoosha,
na yeye ambaye haingii bila kukaribishwa
alisimama juu yangu akinikaribisha.
Sitasema nani alimshika nani mkono.
Mkono ulikuwa baridi; mikono yote ya zamu hii ni baridi.

Kabla ya saa tatu kasorobo, mwanga haujafika,
nikachukua lebo. Kundi: halijulikani. Tarehe: imepita.
Pale pa jina kalamu ikagoma,
halafu ikaandika Mgeni.
Kwetu ni jina la mtu, nikamweleza,
wapo akina Mgeni tele, wana mashamba na madeni.
Akalisoma polepole, mara mbili,
na kwenye bati la mlango wa friji,
nyuma ya bega langu, palipokuwa patupu,
nikaona kitu kama pua.